Nabintu Hahesabu Watoto

Karatasi ilisukumwa chini ya mlango jioni moja ya mwezi wa sita, mwaka 2017, baridi ya Johannesburg ikiwa imeshaanza kuuma vidole. Murielle ndiye aliyeiokota, kwa kuwa ndiye aliyekisoma Kiingereza vizuri kuliko wote chumbani. Aliisoma kimya, akakunja uso, akairudia tangu mwanzo.

"Gogo," alimwambia bibi yake, "wanasema sisi ni wachache."

Nabintu alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua sombe, majani ya muhogo mapajani, vijiti chini. "Wachache ni nani?"

"Sisi. Wanasema chumba hiki ni cha watu wanne, na ndani yake unakaa wewe na mtoto mmoja tu. Kwa hiyo tunahamishwa chini, kile chumba cha nyuma karibu na mapipa ya taka. Alhamisi atakuja mtu wa ofisi kuhakikisha. Ijumaa tunahama."

Nabintu aliinua macho akakitazama chumba chake. Joël, kifungua mimba wa binti yake, alikuwa amejikunja dirishani na kitabu cha shule, magoti yamemfika kidevuni. Chris alikuwa juu ya rundo la magodoro, maana hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Olive alikuwa anamsuka Chloé mdogo, na Chloé alikuwa analia. Nyuma ya shuka lililoning'inizwa kwenye kamba, Gaston, mume wa binti yake, alikuwa anavaa sare yake ya ulinzi na kugonga kiwiko ukutani kila alipoingiza mkono. Célestine mwenyewe, aliyekuwa ametoka saluni muda si mrefu, alikuwa amesimama na kikombe cha chai kwa sababu kiti kilikuwa na ndoo.

Nabintu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Aliyafuta kwa kifundo cha mkono, na alipomaliza akaona kwamba amecheka peke yake.

Sasa, ujinga ule ulianzaje? Ulianza kwa heshima.

Kwao Bukavu, alikozaliwa Nabintu, watoto hawahesabiwi. Huhesabiwa mbuzi, na magunia ya makaa. Mtoto huitwa jina. Ukimuuliza mama wa kule ana watoto wangapi, atakujibu "wapo", au "wawili watatu hivi, Mungu anawajua", hata kama sahani zimejaa mkeka mzima. Kutaja hesabu yao kwa mdomo ni kama kumwonyesha mwizi pa kuanzia. Na Nabintu alikuwa ameshaibiwa. Baba yake Olive, mwanawe wa kwanza, alipotea wakati wa vita, na mama wa mtoto naye akafuata kwa ugonjwa, ndipo Olive akaletwa huku Afrika Kusini kwa mabasi, kutoka mkono wa huyu hadi mkono wa yule.

Basi siku jengo lao la zamani lilipotangazwa kuwa la hatari na manispaa ikatakiwa kuwapa wakazi mahali pengine, Célestine alikuwa saluni na Gaston alikuwa lindoni. Nabintu alikwenda peke yake ofisini Marshalltown, Chloé mgongoni. Karani alimuuliza anakaa na watoto wangapi. Kulikuwa na mkalimani, kijana wa Kigoma mwenye haraka zake. Nabintu akajibu kama mtu mwenye adabu anavyojibu: "Wawili watatu hivi." Kijana akachukua ile ndogo, karani akaandika watoto wawili, muhuri ukapigwa, wakapewa chumba kimoja ghorofa ya tatu, Joubert Park, katika jengo ambalo wakazi waliliita Jengo Jekundu kwa ajili ya matofali yake.

Kosa lile lingeweza kurekebishwa mapema. Lakini chini, karibu na ngazi, palibandikwa masharti, na la kwanza lilikuwa hili: chumba kimoja watu wanne, atakayezidisha atatolewa. Hapo hofu ikaingia, na hofu ya wakimbizi ina mikono mingi. Kila tangazo la ukaguzi lilipobandikwa, jengo zima lilianza kazi. Ignace, fundi cherehani wa mlango wa pili, alibeba magodoro ya jirani zake mpaka juu ya paa. Goreth, Mrundi wa mlango wa mkabala, alivificha viatu vya watoto ndani ya mapipa matupu ya maji. Miswaki ilifichwa chini ya sufuria. Watoto walipelekwa bustanini kutazama wazee wakicheza chesi ya vipande vikubwa kwenye sakafu ya sementi, na Chris alikuwa amefichwa mara nyingi hivi kwamba sasa aliwafunga baadhi ya wale wazee. Mkaguzi alipobisha hodi, alimkuta bibi na mtoto mchanga, chumba kimefagiliwa, nafasi tele.

Walijificha vizuri mno. Mpaka ofisi ikaamini.

"Tutafanya hivi," alisema Gaston kutoka nyuma ya shuka. Hakuwahi kuzungumza na mama mkwe wake uso kwa uso ndani ya chumba kile. Kwao, mtu kulala chumba kimoja na mama mkwe ni aibu isiyosemeka, na ndiyo sababu aliomba zamu ya usiku na hakuiachia tena. "Joël na Chris waende Alexandra kwa kaka yangu. Ana banda lake la mabati, atawabana mahali. Murielle na Olive waende kwa mchungaji. Mama na Célestine na Chloé washuke kile chumba cha chini. Mimi nitalala kazini. Ni kwa muda tu, Mama. Mpaka mambo yatulie."

Olive aliacha kusuka. Alishika ncha ya nywele ya Chloé kama mtu aliyeshika uzi na amesahau sindano iko wapi.

Nabintu alimwona.

"Kwa muda tu," alirudia Nabintu. "Baba wa huyu mtoto nilimwacha kwa shemeji yangu kwa muda tu. Siku zile pia niliambiwa mambo yatatulia."

"Mama, sikusema kwa ubaya."

"Najua, baba. Wewe huna ubaya, una woga. Hata mimi ninao, lakini wangu umezeeka, hauwezi tena kukimbia." Aliinuka na majani yakamwagika. "Alhamisi hakuna mtu atakayeshuka. Hakuna godoro litakalopanda paa. Anayekuja kututazama, na atutazame."

"Watatufukuza wote, Gogo," alisema Célestine. Alipoogopa alimwita mama yake kwa jina la bibi, kama watoto. "Sharti liko pale chini, kila mtu analiona. Tukionekana wengi, tunatolewa."

"Na tukionekana wachache tunatupwa kwenye mapipa. Basi tuchague kosa tunalolitaka sisi."

Joël alifunga kitabu. "Hawawezi kututoa bila amri ya jaji," alisema kwa Kiingereza, kisha akajaribu kwa Kiswahili, maneno yakimgongana. "Kule jengo la kwanza, yule wakili alisema. Jaji kwanza. Polisi hawezi kuja tu."

"Umesikia, Papa Joël?" Nabintu aliliambia shuka. "Mtoto anajua sheria. Wewe unajua kufunga mageti. Na mimi najua kukaa. Tumetosha."

Kutoka nyuma ya shuka kilisikika kicheko kidogo, kile ambacho mtu anakitoa bila ruhusa yake mwenyewe.

Chris alirukaruka juu ya rundo. "Gogo, tega kitendawili."

"Asubuhi mlima, usiku uwanja."

"Eish, Gogo, hicho tunakijua. Magodoro. Kila siku magodoro."

"Nitakitega mpaka kiache kuwa kweli," alisema bibi, akainama kuokota majani yake.

Alhamisi ilifika na jua kali lisilo na joto. Mapema Ignace aligonga mlango, tepu ya kupimia shingoni, mikono tayari imenyooshwa.

"Mama Nabintu, nipe magodoro kabla ngazi hazijajaa."

"Leo hayaendi."

"Amekuja yule mtu wa ofisi mwenye koti jeusi, nimemwona kwenye taa za robot, anavuka barabara. Fanya haraka."

"Ignace, nimesema hayaendi. Na nikwambie kitu. Wewe kila ukibeba magodoro yangu kwenda juu, unanibebea pia jina langu kwenye daftari lao la watu wasio na shida. Urudi ukashone."

Ignace alimtazama, kisha akatazama ndani. Magodoro yalikuwa yametandikwa chini yote, ukuta hadi ukuta, ingawa kulikuwa kumeshakucha, mablanketi juu yake. Kikombe cha miswaki kilikuwa dirishani, kimefurika kama shada la maua. Viatu vilikuwa vimepangwa mlangoni, vya kila umri. Gaston, badala ya kulala, alikuwa ameketi pembeni ndani ya sare yake, amenyoa, amenyooka kama anayelinda benki. Shuka lilikuwa limeshushwa na kukunjwa. Ilikuwa mara ya kwanza Ignace kumwona mtu yule na mama mkwe wake upande mmoja wa chumba.

"Mmekuwa wazimu," alisema Ignace. Lakini hakwenda kushona. Alisimama ukumbini, akaanza kuizungushazungusha tepu yake kidoleni.

Aliyekuja na koti jeusi alikuwa msichana mrefu, jina lake Tumu limeandikwa kwenye kibandiko kifuani, na funguo nyingi kwenye mkanda. Alibisha kwa adabu. Nabintu alifungua mlango wote, si nusu.

Tumu aliangalia chini, akatafuta pa kuweka mguu, hakupaona.

"Hapa ni kwa Bi Nabintu?" aliuliza kwa Kizulu. "Bi Nabintu na mtoto mmoja?"

Nabintu alielewa Kizulu cha sokoni, lakini siku hiyo alitaka kila neno lake lisimame wima, kwa hiyo alimgeukia Murielle. "Mwambie karibu. Mwambie kwetu mgeni hasalimiwi na mlango. Avue viatu apite katikati, asimame hapo kwenye godoro la bluu. Ni safi."

Murielle akatafsiri. Tumu alisita, akavua viatu. Soksi yake moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, naye akaufunika mguu ule kwa mwingine.

"Bibi, niambie tu mnakaa watu wangapi humu."

"Sitakuambia."

Murielle alimtazama bibi yake, akatafsiri kwa sauti ya chini, na kwa Kiingereza lilitoka laini zaidi kuliko lilivyosemwa. Nabintu akaligundua. "Usinipoozee maneno, mjukuu wangu. Mwambie hivi: kwetu watoto hawahesabiwi. Mara ya kwanza niliulizwa hesabu nikajibu kiadabu, adabu yangu ikatuponza. Leo nitamwitia watu wangu. Akitaka kuhesabu, ahesabu yeye, dhambi iwe yake."

Na akaanza kuita, sauti yake ile ile ya kuita watoto kula.

"Célestine." Célestine alikuja, akampa mgeni mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama walivyofundishwa.

"Gaston." Gaston akasimama, akatoa mkono. "Mume wake," alisema kwa Kizulu. "Nafanya kazi ya ulinzi usiku. Mchana nalala hapo ulipokanyaga."

"Joël." Joël alikuwa mrefu kuliko mlango wa kabati. "Murielle, wewe ameshakuona, lakini mpe mkono. Chris." Chris alimpa mgeni mkono na kumuuliza kama anacheza chesi. "Chloé." Chloé alikataa kutoa mkono akatoa mguu, na Tumu akaushika ule mguu mdogo bila kufikiri, akatabasamu, kisha akakumbuka kazi.

"Olive."

Olive alikuwa amejibana nyuma ya mlango. Hakuwa na karatasi yoyote ya jengo hili, na mtoto aliyehama mikono mingi anajua ni wakati gani asionekane. Nabintu alingoja. Hakumwita mara ya pili, alinyoosha mkono tu upande ule bila kugeuza kichwa, na baada ya muda vidole baridi vikaingia mkononi mwake.

"Huyu ni Olive. Ni wa mwanangu. Huyu ndiye wa kwanza kuandikwa, wengine wafuate."

Tumu alikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na mistari michache. Alikaa juu ya godoro la bluu, maana kusimama kulikuwa kumemshinda, akashusha pumzi.

"Bibi, mmenitia matatizoni. Mkiwa hivi mlivyo, mmevunja sharti la jengo. Natakiwa kuandika hivyo."

"Andika."

"Nikiandika, mnaweza kutolewa."

"Bila jaji?" aliuliza Joël.

Tumu alimtazama. "Hapana. Si bila jaji."

"Basi nyumba kubwa tunaiombaje?" Célestine aliuliza. Alikuwa amesogea mbele ya mama yake. "Ghorofa ya juu kuna nyumba za vyumba viwili. Zimepakwa rangi tangu mwaka jana. Zimefungwa. Nani anakaa mle?"

"Hakuna mtu. Zile ni za familia kubwa, na katika rejista ya jengo hili hakuna familia kubwa. Tumekagua mara nyingi. Vyumba vyote vina watu wawili, watatu." Tumu alisema hivyo kama mtu anayesoma, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, akatazama tena ule mkungu wa miswaki dirishani.

"Nina kitendawili," alisema Nabintu. "Murielle, mtegee. Nikimwambia tuko wachache, ananipa kichumba. Nikimwambia tuko wengi, ananitoa nje. Nimwambie nini anipe nyumba?"

Murielle alitega kwa Kiingereza, polepole. Tumu alifikiri kweli. Alitazama dari.

"Sijui," alisema.

"Hata mimi sijui. Kwa kawaida anayetega ana jibu mfukoni. Hiki nimekileta kwako kwa sababu nyinyi ndio mliokitunga."

Ukumbini watu wengi walikuwa wanajizuia kukohoa. Nabintu alikwenda mlangoni. Ignace alikuwa pale, na Goreth, na wengine nyuma yao, wote wameegemea kuta zao kana kwamba wamepita tu.

"Ignace," alisema Nabintu, "watoto wako wako wapi?"

"Bustanini, unajua."

"Wana majina?"

Ignace alimtazama yule msichana mwenye funguo aliyekaa godoroni bila viatu, akaitia ile tepu mfukoni. Kisha akaenda kwenye dirisha la ngazi linalotazama bustani, akalifungua, akaita. Aliita kama fundi anavyoita, kwa sauti kubwa isiyo na aibu, jina moja baada ya jingine, na hakusema ni wangapi. Goreth akamsukuma pembeni akaita wa kwake. Mama mmoja wa ghorofa ya pili, ambaye hakuwa hata ameambiwa kuna nini, naye akaanza kuita kutoka dirisha lake. Chini bustanini watoto waliacha chesi, wakaja wakikimbia na kuvuka nyasi za kahawia, na wale wazee wakabaki wameshika vipande vyao vikubwa wakitazama jengo linavyoita.

Tumu alisimama dirishani akawaona wakija.

"Ofisini hawataniamini," alisema.

"Basi usiwaambie hesabu," alisema Nabintu. "Wapelekee majina. Jina ni gumu kulifuta, lina mwenyewe."

Msichana aligeuza fomu, akaandika upande wa nyuma usio na mistari. Aliuliza kila jina linavyoandikwa, hata ile alama ya juu ya herufi ya Chloé. Alipomaliza alisema ile hati ya kuhamia chini haina maana tena, hawezi kuwapeleka kwenye chumba cha watu wawili. "Lakini nyumba ya juu siahidi. Si mimi ninayegawa."

"Usiahidi. Tuonyeshe tu. Una funguo."

Lifti ilikuwa haifanyi kazi tangu zamani, wakapanda kwa miguu, Nabintu akishika ukuta na kupumzika kila kona, Olive akimshika upande wa pili. Mlango ulifunguka kwa taabu. Ndani kulinuka rangi. Palikuwa na chumba, na chumba kingine, na jiko lenye sinki lake, na bomba ambalo Célestine alilifungua likakohoa kutu kisha likatoa maji. Gaston alisimama kwenye mlango wa katikati, ule unaotenganisha chumba na chumba. Aliufunga. Akaufungua. Akaufunga tena, taratibu, kama anayesikiliza muziki.

"Haya, mmeona," alisema Tumu. "Sasa tushuke."

Nabintu alichagua kona yenye jua, akajishusha mpaka sakafuni, akanyoosha miguu, akaweka kanga yake vizuri magotini.

"Mwambie nimechoka ngazi," alimwambia Murielle. "Kupanda nimepanda. Kushuka, miguu imekataa."

"Bibi, huwezi kukaa hapa bila karatasi."

"Karatasi ina miguu myembamba kuliko yangu. Ipande yenyewe inifuate."

Tumu alipiga simu. Alizungumza akitazama ukuta, akasikiliza, akasema ndiyo, akasema hapana, akasema ana majina yao yote. Alipokata alisema, "Bosi anasema ushuke."

"Mpe salamu zangu. Mwambie alete jaji, nitampisha jaji."

Tumu alikuwa na funguo mkononi. Angeweza kufunga mlango, lakini ndani yake kulikuwa na bibi. Mwishoni aliinama akafunga kamba za viatu vyake vizuri, akaondoka bila kugeuka, na ule ufunguo mmoja aliuacha kwenye tundu lake. Aliusahau au aliuacha, hilo anajua mwenyewe.

Alasiri ile Ignace alibeba magodoro ngazini kama alivyozoea. Ila safari hii hakwenda nayo paani, na alikuwa anapiga mluzi.

Zilikuja barua za onyo, moja yenye maandishi mekundu. Célestine alizibandika ukutani ndani ya jiko, Joël akawaandikia majibu, na kila aliyekuja kugonga alimkuta Nabintu ndani, na nyuma yake ukumbi mzima ukitazama. Jaji hakuja. Baridi ilipoanza kuachia, alikuja Tumu na karatasi iliyopigwa muhuri. Majina yote yalikuwamo, la Olive likiwa la kwanza, na mahali penye kisanduku cha idadi palikuwa pameachwa wazi.

Siku ile mchana Chris alikuwa amelala chali katikati ya sakafu, magodoro yametandikwa chumbani mwao vile vile walivyoamka, hakuna aliyeyapanga.

"Gogo," alisema, "asubuhi uwanja, usiku uwanja. Kitendawili chako kimekufa."

"Kife," alisema Nabintu, akichambua sombe kwenye sinki lake. "Nina kingine cha wale majirani wa chini ambao bado hawajapewa nyumba. Njoo hapa, na umwite Olive."